Mlango Ambao Mama Gidion Hakuufungua

Genoveva Sulle hapazi sauti anapokataa jambo. Anakataa huku anaendelea na kazi. Kama anapukuchua mahindi, ataendelea kupukuchua, na wewe uliyeleta shauri lako utabaki umesimama mbele yake ukisikiliza punje zinavyodondoka kwenye beseni, mpaka uelewe kwamba umeshajibiwa.

Hapa Endasak tunamwita Mama Gidion. Alizaliwa Masieda, kule Mbulu, akaolewa huku chini ya mlima Hanang, akazaa, akalima, akamzika mume. Baada ya mazishi ndugu za marehemu walimshauri arudi kwao akapumzike, shamba watalitunza wao. Aliwauliza ni lini waliwahi kumwona amechoka. Msimu uliofuata alipanda mahindi na maharage mpaka kwenye kigingi cha mwisho, na hakuna aliyerudia shauri lile. Ninaandika habari zake kwa sababu nimeshiba habari za wakubwa wanaokata utepe. Huyu hajawahi kukata utepe wowote. Alikataa kufungua mlango, basi, na mimi kukataa kule nakuweka juu ya hotuba zote nilizowahi kuzisikia chuoni.

Nguzo za umeme upande wetu wa mlima ziliishia kwake. Sisi tuliopanda juu zaidi bado tunasubiri, tuna visola vya kuwasha taa tu. Ndiyo maana kuna desturi ambayo hakuna aliyekaa kuipanga: mtu anayeshuka asubuhi kwenda shambani au Katesh anapita kwa Mama Gidion, anaingia ghalani, anachomeka simu yake na kuendelea na safari. Jioni anaichukua. Mchana kutwa simu zinalala juu ya magunia, kila moja imebandikwa plasta yenye jina la mwenyewe. Hakuna anayelipa. Mwenye maboga huleta boga.

Watoto wake wako mbali, na huku bondeni mlima unadhoofisha mawimbi ya simu: kupiga unapiga, intaneti haishiki. Basi walimfungia intaneti ya nyumbani: kisahani juu ya paa, ruta sebuleni, na kiboksi kingine kidogo ghalani cha kusukuma waifai mpaka chumba cha uani. Wanaochangia ni kaya tatu. Yeye mwenyewe, shemeji yake Mzee Herman, ambaye nyumba yake iko juu kidogo, ng'ambo ya ua wa minyaa, na Raudha, mpangaji wa kile chumba cha uani. Raudha ni muuguzi wa zahanati yetu. Kwao ni Katesh, na baba yake, mzee Saleh, anauza vitenge pale sokoni.

Ruta ile ina ukurasa unaoonyesha kila aliyeunganishwa ametumia mtandao kiasi gani. Mzee Herman aliupenda ukurasa huo kama wengine wanavyopenda mpira. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu wa kufuatilia mambo, na kila akishuka kuchomeka simu yake aliufungua kwanza kusoma nani amekula nini.

Siku moja fundi wa ile kampuni ya intaneti alikuja na pikipiki kutoka Katesh. Akasema programu inayoiendesha ruta imezeeka, lazima aiapdeti. Ruta ikazimika, ikawaka upya. Akaingia ghalani, akakipanga upya na kile kiboksi, akanywa chai, akaondoka. Tangu siku hiyo kifurushi cha mwezi kikawa kinaisha kabla mwezi haujafika katikati. Na ule ukurasa, ambao zamani ulikuwa na orodha ndefu ya simu, sasa ulionyesha majina machache tu. Juu kabisa, kwenye mstari mwekundu ulioyaacha mengine mbali, palikuwa na jina moja: Raudha.

Mzee Herman hakumuuliza mtu. Alisubiri Jumamosi, tulipokutana kusali jumuiya, na baada ya Injili akasimama.

"Tuna mtu kati yetu," alisema, "anatumia mtandao wa familia kwa mambo ambayo siwezi kuyataja mbele ya watoto. Binti wa watu, amejifungia chumbani peke yake, mstari mrefu namna ile. Jiulizeni anaangalia nini."

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Chumba chenye binti wa watu kilikuwa kimoja tu.

Siku zilizofuata, akina mama waliopeleka watoto chanjo walimpokea Raudha kwa vicheko vya pembeni. Kijana mmoja wa bodaboda alimuuliza, "Nesi, leo usiku kuna filamu gani?" Raudha alimaliza zamu yake, akapiga simu kwao, na jibu la mzee Saleh lilikuwa fupi: binti yake hatakaa mahali jina lake linapotafunwa. Jumamosi inayokuja kaka yake Shabani angekuja na pikapu kubeba vitu. Na kila mtu alijua maana yake. Akiondoka hivyo, ataondoka na lile jina, na litamfuata kila zahanati atakayohamishiwa.

Mama Gidion aliniita nikiwa napita kwenda shambani.

"Yohanes, wewe si ulisoma mambo ya kompyuta kule Arusha?"

"Nilisoma uhasibu, Mama Gidion."

"Kompyuta haimo humo?"

"Imo kidogo."

"Basi kesho uje na hiyo kidogo."

Kesho yake nilimkuta barazani anachambua maharage. Raudha alikuwa anatoka, sare imepigwa pasi, uso ameukunja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Simu yako umeibeba?"

"Nimeibeba."

"Kuna kingine chako chochote humo ndani chenye kuvuta mtandao?"

Raudha alisimama. "Hata wewe, mama?"

"Nakuuliza ili nijue cha kutafuta. Wanaokusema hawajakuuliza."

"Hakuna kingine. Nina redio na pasi."

"Nenda kazini."

Tukakaa na ule ukurasa mbele yetu, kwenye simu yangu. Raudha alishashuka, alishapotea kwenye kona ya kanisa, na mstari wenye jina lake ulikuwa bado unapanda. Mama Gidion aliutazama, akatupa haragwe bovu kwa kuku.

"Huyu yuko zahanati," alisema. "Huyu wa hapa ni nani?"

Nilimpigia yule fundi. Akasema mfumo ni mpya, hauwezi kukosea, na kama tuna wasiwasi tubadilishe paswedi. Nikamweleza Mama Gidion kwamba ni jambo jepesi, naweza kulifanya hapo hapo.

"Ukibadilisha, nani anatoka?"

"Wote wanatoka. Halafu tunampa paswedi mpya tunayemtaka."

"Mstari utashuka?"

"Utashuka."

"Na Herman atasema, mmeona, tumemfungia na mstari umeshuka." Akaendelea kuchambua. "Usibadilishe kitu. Sitaki kuufukuza ugonjwa kabla sijauona."

Hapo ndipo Mzee Herman alipotokea kwenye uwazi wa ua, simu mkononi, amekuja kuchaji. Nilimwamkia, akaitika bila kunitazama. Alichungulia kioo changu, akaona mstari unavyopanda, na uso wake ukachangamka.

"Si nilisema? Hayupo, lakini mashine yake imo ndani inafanya kazi. Ameacha kompyuta imewashwa. Shemeji, una ufunguo wa akiba wa hicho chumba."

"Ninao."

"Fungua tuone. Hata sigusi kitu. Natazama tu."

"Sifungui."

"Nyumba si yako?"

"Nyumba ni yangu. Chumba ni chake."

"Sasa hapo tofauti iko wapi?"

"Iko. Wewe hujawahi kupanga, ndiyo maana huioni."

Alicheka kidogo, akanigeukia. "Yohanes, wewe msomi, mwambie. Kama binti hana cha kuficha, anaogopa nini?"

Mama Gidion alijibu kabla yangu. "Haogopi. Hayupo. Yuko anawachoma sindano wajukuu zako."

"Mimi ni mkubwa wa ukoo hapa."

"Najua, shemeji. Nami ndiye mwenye ufunguo."

Aliutoa ufunguo chini ya kikapu, akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake, akakaza fundo kwa meno. Kisha akarudi kwenye maharage. Mzee Herman alisimama akisikiliza punje zinavyodondoka. Mwishowe alisema watu wataona Mama Gidion ameshirikiana na mpangaji wake. "Waone," alijibiwa. "Najua atakayewaonyesha." Mzee aliingia ghalani, akachomeka simu yake, akapanda kwake kwa hatua za hasira.

Kama hana cha kuficha, anaogopa nini. Nimelisikia swali hili mjini kutoka kwa walinzi wanaopekua mifuko ya wasichana, na chuoni kutoka kwa mlezi wa bweni aliyependa kusoma simu za watu. Ni swali la mtu ambaye ameshaamua kuingia, anatafuta tu wa kumshikia mlango. Na ubaya wake ni kwamba anayekataa ndiye huonekana mwenye kosa. Mama Gidion alikubali kuonekana hivyo. Alijua wanachosema juu yake pale kisimani, na bado alikwenda kisimani.

Tulianza na kiboksi cha ghalani. Nilikichomoa kwenye umeme. Mstari wa Raudha ukasimama papo hapo. Nikakirudisha, baada ya muda mfupi ukaanza kupanda tena.

"Basi kinachokula kinapitia hapa ghalani," nilisema.

"Chumba chake nacho kinapitia hapa. Herman atasema hivyo."

Alisema kweli. Kiboksi kilikuwa kinahudumia ghala na chumba kwa pamoja. Ili kujua ni upande upi, ilibidi kuzima kila kitu cha upande mmoja na kuacha mwingine ulivyo. Upande wa chumba ulikuwa na mlango uliofungwa, nasi hatukuwa tunaufungua. Ukabaki upande wa ghala. Na ghalani kulikuwa na nini? Magunia, jembe, na simu zote za majirani.

Nilizitazama zile simu. Tulikuwa tumezizoea mno, kiasi kwamba hatukuzihesabu kuwa kitu. Tulisahau pia kwamba jumuiya ilipokutana hapa kwa Mama Gidion wakati wa Kwaresima, alimpa kila mtu paswedi ili apate masomo ya siku kwenye simu. Simu haisahau. Kila ilipowekwa juu ya gunia lile, ilijiunga yenyewe.

Tukaanza kuzizima moja moja. Mama Gidion alizishika kama mayai, akisoma plasta. "Huyu ni Natalia. Zima. Huyu ni Gidahosh. Zima." Kila baada ya simu nilitoka kutazama ukurasa. Mstari ulipunguza kasi, ukapunguza tena, lakini haukusimama. Palibaki simu moja kubwa, mpya, zawadi ya mtoto wa kiume anayefanya kazi Babati. Kwenye plasta palikuwa pameandikwa kwa mkono wa mwanamume aliyesoma zamani, herufi zimelala upande mmoja: Herman.

Tulipoizima, mstari ulisimama. Tulipoiwasha, ukapanda kama ng'ombe aliyeona maji.

Mengine niliyapata kwa kuwapigia simu watu, akiwemo mwanawe Herman wa Babati. Zamani ruta ilikuwa imewekewa masharti: simu za wageni zilipewa njia nyembamba tu, za kupokea ujumbe. Kuapdeti kukayafuta masharti yote. Na fundi alipokipanga upya kile kiboksi, alikipanga kwa namna ambayo chochote kinachopita humo kinaonekana kwenye ukurasa kama mtu mmoja. Kilichobaki ni jina. Nilimpigia fundi tena nimuulize alilitoa wapi.

"Nilimuuliza mama mwenye nyumba kiboksi ni cha nani," alisema. "Akaniambia."

Mama Gidion alisikia, maana simu ilikuwa kwenye spika. Kwa mara ya kwanza siku ile mikono yake ilitulia.

"Ni kweli. Nilimjibu ni cha Raudha. Kiliwekwa kwa ajili yake. Basi jina lake nililipeleka mimi."

"Hukujua, Mama Gidion."

"Herman naye hakujua. Kutokujua kwangu kumekaa kwenye mashine. Kwake kumesimama mbele za watu." Akavuta beseni lingine. "Jumamosi jumuiya iko hapa kwangu. Usimwambie mtu."

"Tusimwite kwanza pembeni? Ni mzee."

"Raudha aliitwa pembeni?"

Jumamosi watu walijaa sebuleni na barazani. Katikati ya sala pikapu ya Shabani iliingia uani. Alikuwa kijana mnene, mpole. Alimwamkia Mama Gidion kupitia dirishani kisha akaanza kazi. Tulisoma Injili huku godoro likipitishwa nje. Mzee Herman aliomba kwa sauti ndefu kuliko kawaida. Ilipofika zamu ya matangazo, Mama Gidion akasimama.

"Nina tangazo. Simu zote mlizoacha ghalani nimezizima. Yohanes ameushika ule ukurasa wa mwenyekiti. Raudha yuko pale nje, vitu vyake vimeshatoka, simu yake ameizima, mlango wake umefungwa na ufunguo anao mwenyewe. Naziwasha moja moja. Anayetaka atazame."

Wakatazama, wakisukumana nyuma ya mgongo wangu. Simu ya Natalia ikawashwa, na baada ya muda mstari wa Raudha ukasogea.

"Mimi nimo?" Natalia aliuliza. Ni bibi mzima, mjane kama Mama Gidion.

"Umo, mama. Sote tumo," nilisema.

"Na sijui hata kuifungua."

"Inajifungulia yenyewe."

Simu ya mwisho ilipowashwa, mstari ulipaa. Mama Gidion alitoka ghalani ameinyanyua juu ili plasta isomeke. Nikaeleza kwa maneno machache: kinachokula mtandao ni video ya harusi ya Marieta, binti wa Mzee Herman, aliyeolewa Balangdalalu, ndefu kutwa nzima. Kaka yake aliipanga simu iitume kwenye hifadhi ya mtandaoni isije ikapotea. Kila jioni mzee huichukua simu kabla video haijafika, na kila asubuhi inaanza upya tangu mwanzo.

"Kwa hiyo harusi ya Marieta bado inaendelea," alisema Judica, mwimbaji wetu.

"Na sisi hata nyama hatukuiona," mwingine akadakia.

Baraza zima lilicheka. Hata Mzee Herman alitabasamu kwa taabu, akafunga kitabu chake cha sala.

"Basi tumeona, ni mashine. Tuendelee na maombi."

"Bado," alisema Mama Gidion. "Mashine haikusimama hapa kuongea. Ulisimama wewe."

Kicheko kikakatika.

"Shemeji, unataka nipige magoti?"

"Kaa hivyo hivyo ulivyo. Sema tu."

"Niseme nini?"

"Uliyemsema hakuwa yeye. Sema, kwa jina lake."

Tomaso, katibu wa jumuiya, alikohoa. "Mama Gidion, huyu ni mkubwa wetu. Ameshasikia. Inatosha."

"Inatosha kwa nani, Tomaso?"

Tomaso akakaa chini. Uani Shabani alikuwa amesimamisha kazi, kamba mkononi. Raudha alisimama kando ya pikapu, mikono amefumbata, bila kututazama. Nilitaka kusema neno, kwa kuwa nilikuwa nayo mengi, lakini mama yule alikuwa ameutandaza ukimya ule kwa makusudi na sikuwa na haki ya kuukanyaga. Alimtazama shemeji yake bila chuki. Alikuwa na nafasi ya siku nzima.

"Haikuwa yeye," Mzee Herman alisema hatimaye.

"Nani?"

"Haikuwa Raudha." Shingo yake ilikuwa imevimba. "Nilisema nisichokijua."

"Na mimi," Mama Gidion alisema, akigeukia uani, "jina lake nilimpa fundi bila kufikiri. Nalo nalisema mbele yenu."

Shabani alimtazama dada yake. "Haya, wamesema. Twende, baba anasubiri."

"Mwambie baba nimebaki."

"Kwa hawa?"

"Kwa kazi yangu. Na kwa huyu mama."

"Raudha, nimeshafunga kamba zote."

"Zifungue."

Kisha akasogea mpaka kwenye ngazi ya baraza, na kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze akatutazama usoni, mmoja mmoja, hata wale akina mama wa vicheko.

"Sitawashukuru," alisema. "Mlikuwa mnanijua. Jumatatu ni kliniki, leteni watoto mapema, na atakayekuja kuniinamishia macho nitamwinua kidevu."

Mzee Herman alichukua kofia yake na simu yake, akapita katikati ya watu bila kusubiri chai, akapanda kuelekea kwenye ua wa minyaa. Natalia alimgusa Mama Gidion mkono, akamnong'oneza kwa sauti tuliyoisikia wote, "Mfuate. Ni shemeji yako huyo, atakasirika."

Mama Gidion alikuwa ameshashika birika. Alimmiminia Shabani kikombe kikajaa mpaka juu.

"Njia anaijua," alisema. "Kunywa, mwanangu, halafu tukushikie hilo godoro."